Mabingwa Wawili wa Babu Teke

Kinyozi tunayemsimulia hapa alijaliwa mikono mizuri na mdomo mbaya. Mikono ndiyo iliyomletea wateja, na mdomo ndio uliowakalisha, maana ukishaanza kubishana na mtu aliyekushikia wembe kisogoni, huinuki mpaka ubishi uishe. Duka lake lilikuwa na viti viwili vya kunyolea, kioo chenye ufa, benchi la wanaosubiri, na televisheni kuukuu iliyoishiwa rangi zote isipokuwa kijani. Chini ya televisheni hiyo aliweka mashine ya mitumba ya michezo ya video, ili wateja wasione anavyowachelewesha.

Mchezo ulikuwa mmoja tu, wa ngumi na mateke. Kinyozi alimpenda mpiganaji mmoja, mzee mwenye ndevu ndefu ambaye pale dukani walimbatiza Babu Teke. Bahati mbaya, Babu Teke alipendwa vilevile na shemeji yake, kaka wa mkewe, seremala wa mtaa wa pili, mtu mpana mwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Kila mmoja alidai kwamba mwenzake hamwezi Babu Teke, anamdhalilisha tu. Waliyabishania hayo kila Jumapili mezani, mpaka siku moja mke wa kinyozi akaweka kijiko chini.

"Andaeni mashindano, mmalizane," akasema. "Mimi nataka kula kwa amani, jamani."

Maskini, hakujua alichokianzisha. Jumamosi iliyofuata duka lilifurika, wengine wakachungulia dirishani. Zawadi ilitangazwa: bingwa atanyolewa bure mwaka mzima. Washiriki wakatolewa mmoja mmoja hadi wakabaki kinyozi na shemeji yake, na kila mmoja, bila haya, akamchagua Babu Teke.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye televisheni nzima, mababu wale wawili wangevaa rangi tofauti. Kwenye ile ya kinyozi, wote walikuwa wa kijani, kuanzia kanzu hadi ndevu. Wakarukiana, wakapishana hewani, wakabadilishana pande, na punde si punde hapakuwa na kiumbe aliyejua nani ni nani, wachezaji wenyewe wakiwemo. Babu mmoja akaanguka chali.

"Nimekumaliza!" akapiga kelele kinyozi.

"Umemmaliza nani? Aliyelala ni wewe!" akajibu seremala, mikono yote miwili juu.

Televisheni iliandika kwamba ameshinda mchezaji wa kwanza. Kilichobaki kilikuwa kuufuata waya kutoka mkononi hadi kwenye mashine, kuona pedi ya kuchezea ya nani imechomekwa tundu la kwanza. Lakini mashabiki walikuwa wameshawabeba wote wawili mabegani, na pedi zao mikononi. Nyaya zikachomoka zote mbili kwa mpigo. Shahidi mmoja aliapa kwamba tundu la kwanza lilikuwa la kinyozi. Huyo alikuwa mdeni wake wa kunyolewa. Mwingine aliapa kwamba lilikuwa la seremala. Huyo alikuwa anangoja kabati lake. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Jumatatu asubuhi seremala akaingia dukani, akakaa kwenye kiti, akavua kofia. "Mnyoe bingwa," akasema.

"Nikunyoe nini, shemeji? Hapo pana nini cha kunyoa?"

"Hayo hayakuhusu. Zawadi ni zawadi. Pitisha wembe."

"Bingwa ni mimi!"

"Basi jinyoe kisogo tuone."

Kwa hiyo mwaka uliofuata mashindano yaliitishwa tena, kwa sababu moja tu: ukweli ujulikane. Mke wa kinyozi akawa mwamuzi. Akafunga utepe mwekundu kwenye waya mmoja na mweupe kwenye mwingine, akaazima televisheni yenye rangi zake zote, akaonya kwamba atakayembeba mtu kabla yeye mwamuzi hajaruhusu atatoka nje. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa bahati. Seremala alitolewa mapema na nesi wa zahanati, ambaye alikuwa amepita tu kumuulizia mumewe. Mwaka wa tatu seremala akapanda vizuri, na nesi yuleyule akamtoa kinyozi.

Ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi. Mmoja akipanda, mwingine anashuka, kukutana hakuna. Mashindano nayo yakakua yenyewe, bila kuwasubiri. Yalihamia ukumbi wa shule ya chekechea, ambako watu wazima wenye vitambi walikalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Vijana wakaja kutoka mbali na pedi zao wenyewe kwenye mikoba. Akapatikana mtangazaji mwenye kipaza sauti, ambaye hakukihitaji. Michezo mipya ikaletwa, Babu Teke akarudi katika kila mmoja akiwa na ndevu ndefu zaidi. Nesi akabeba ubingwa mara nyingi hadi akaombwa apumzike, akakataa. Katika umati wote ule hakuna kijana aliyejua kwamba sherehe nzima ilikuwepo kwa ajili ya kesi ya wazee wawili waliokuwa wakitolewa kabla ya saa sita.

Kinyozi alijua. Kila mwaka alijiandikisha na nia moja: akutane na shemeji, ampige hadharani, mjadala ufungwe. Hata maneno ya siku hiyo alikuwa ameshayatunga, ya kejeli tupu, na aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo huku akinyoa watu.

Siku hiyo ilifika mwaka huu, na ilifika kwa mlango wa nyuma. Wote wawili walipigwa mapema, wakatupwa kundi la walioshindwa, huko wanakogombea nani asiwe wa mwisho. Ilikuwa saa ya chakula. Ukumbini walibaki mke wa kinyozi, ambaye bado ndiye mwamuzi, mfagiaji, na bwana mmoja aliyesinzia kwenye kiti kidogo. Safari hii babu mmoja alikuwa mwekundu, mwingine wa bluu, na kila mtu aliona. Kinyozi alishinda. Alishinda waziwazi, maana vidole vya seremala vilikuwa vimezeeka, vikifika kwenye kitufe teke limeshapita.

Kinyozi akasimama, akafungua mdomo kumwaga yale aliyoyatunga. Seremala akamtangulia kwa kumpa mkono.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema taratibu. "Hongera, shemeji. Umenishinda." Akachukua kofia yake akaondoka.

Jumapili shemeji alikuja, akala, akausifu mchuzi, akaulizia kazi, akaaga mapema. Jumapili ya pili vilevile.

"Mbona mnaongea kama mmekutana leo?" mke akauliza.

Jumapili ya tatu seremala alituma salamu tu, kwamba ana kazi nyingi. Kinyozi akabaki mezani na mkewe, ambaye kwa kukosa kelele alipata nafasi ya kukumbuka bati linalovuja. Ubingwa alioutafuta miaka yote sasa ulikuwa wake, na hakuwa na wa kumtambia. Tuseme ukweli, alimkumbuka mwenzake. Alimkumbuka mpaka chakula hakikupita.

Kesho yake alifunga duka mchana kweupe, akaenda karakana. Seremala alikuwa anapiga randa mlango.

"Nimekuja kukata rufaa," kinyozi akasema.

"Rufaa ya nini?"

"Ushindi wangu si halali. Nilianza kupiga kabla ya kengele ya mchezo kulia."

Seremala akasimamisha randa. "Hukuanza. Nilikuwepo."

"Nilianza!"

"Nasema hukuanza! Ulinipiga kihalali mbele ya dada yangu!"

"Dada yako alikuwa anahangaika na tepe zake!"

"Usimsingizie dada yangu! Nimeshindwa, na kushindwa ni haki yangu!"

"Huna haki hiyo!"

Mafundi wa jirani walitoka kuamua ugomvi, wakakuta kila mmoja anamsukumia mwenzake ubingwa kama kaa la moto. Wakarudi ndani. Seremala akajifuta jasho.

"Kwani unataka nini hasa, wewe?"

Kinyozi akatazama maranda sakafuni. "Njoo Jumapili," akasema. "Nyumba imepoa."

Seremala alipitisha kiganja kwenye ubao aliokuwa ameshaulainisha tangu asubuhi. "Nilidhani hunihitaji tena," akasema. "Mtu akishashinda, wa kubishana naye ni wa nini?"

Kinyozi, kwa mdomo wake wote ule, akashika tu upande wa pili wa mlango. Wakasimama hivyo, mlango katikati yao. Kisha seremala akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Lakini ujue siji kwa huruma! Ulianza kabla ya kengele, nilikuona kwa macho yangu haya!"

"Mwongo mkubwa wewe!" kinyozi akafoka, na furaha ikamjaa mpaka ikabidi ajishikize kwenye mlango.