Msomaji Hodari wa Kivaa

Pale Kivaa hakuna aliyesoma somo la Jumapili kama Katunge. Akisimama mbele, kitambaa cheupe kichwani, Kitabu mkononi, maneno yalimtoka bila kukwama hata mara moja. Watu walisema mama huyu angezaliwa siku hizi angekuwa wakili. Kumbe Katunge, na miaka yake sabini na mmoja, hakujua a wala be!

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ilikuwa mjukuu wake Winfred. Kila Jumamosi ya kuamkia zamu yake, wakichambua ndengu, Winfred alimsomea somo mara tatu, na nyanya yake, au susu kama alivyomwita, akalimeza lote. Masikio ya mama huyo, jamani! Alichokisikia mara tatu hakikutoka tena. Jumapili alikifungua Kitabu popote kilipofunguka, akatiririka.

Basi Winfred akapata kazi ya kushona nguo katika viwanda vya EPZ, kule Athi River. Katunge alimsindikiza kwa vigelegele hadi barabarani, kisha akarudi ndani akaketi kitandani. Nani atamsomea sasa? Walijaribu kwa simu. Mara ya pili mtandao ulikatika katikati ya mstari, na Jumapili hiyo Katunge akasingizia kuumwa na jino. Na meno yenyewe amebaki nayo mangapi?

Akasikia kuna ngumbaru, darasa la watu wazima, ng'ambo ya kilima kwa mwalimu Wavinya. Akaaga kwamba anaenda kumwona dada yake mgonjwa. Alipochungulia mlangoni, aliyekuwa benchi la nyuma na penseli mkononi ni nani? Mzee Bartholomew! Mzee wa kanisa lao hasa, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa koti, yule ambaye kila Jumapili hupaswa kusoma matangazo, na kila Jumapili amesahau miwani nyumbani, anampa jirani yake asome.

Walikodoleana macho.

"Mwaitu, mama yetu, si wewe ndiye hutusomea?" mzee akauliza.

"Na wewe, miwani umeipata?"

Wakacheka hadi mwalimu akagonga meza. Wakakubaliana pale pale: watu wa Kivaa wasijue.

Miezi minane, zamu zake kanisani zikipita kwa kisingizio cha jino, Katunge alichora herufi kwenye majivu ya jikoni na kwenye unga wa chapati. Siku aliposoma neno "mbolea" kwenye gunia, bila kuambiwa na mtu, aliruka kama msichana. "Mwalimu, gunia linaongea!" Lo, furaha gani hiyo! Ila kusoma kwake kulikuwa kwa kujikokota, neno baada ya neno, kidole chini ya mstari. Akisoma hivyo kanisani, wote watajua kwamba zamani alikuwa hasomi. Hilo lilimnyima raha.

Zamu nyingine ilipofika, Winfred akapiga simu Jumamosi.

"Susu, leo mtandao uko sawa. Nikusomee?"

Katunge akapiga hesabu. Mara tatu tu, na kesho atang'aa kama kawaida. Lakini mwalimu Wavinya aliwaambia siku ya kwanza kabisa kwamba mficha uchi hazai.

"Hapana, mjukuu wangu. Kesho niko na macho yangu." Akazima simu.

Jumapili akasimama, akaweka kidole chini ya mstari. "Si-ku... i-le..." Kanisa likashtuka. Huyu ni Katunge kweli? Minong'ono ikazagaa: amepigwa na kiharusi! Jirani yake Phyllis akaja mbio na kikombe cha maji.

"Sitaki maji!" Katunge akasema. "Phyllis, keti. Mimi siumwi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisomewa nyumbani, nakuja kuwatolea hapa. Niliwadanganya, mnisamehe. Lakini leo nasoma mimi, na mtaningoja!"

Kidole kikarudi mahali pake. Mstari wa kwanza ukaisha, na wa pili. Neno moja refu lilimkalia ngumu, akalikata vipande vitatu, akalishinda, na kina mama wa nyuma wakapiga kigelegele. Tangu hapo kila mstari ulipata kigelegele chake. Somo la dakika tatu lilikula robo saa nzima, na hakuna aliyetoka nje. Alipokifunga Kitabu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Yakafuata matangazo. Mzee Bartholomew akainuka, na jirani yake, kwa mazoea, akanyoosha mkono kupokea karatasi. Mzee hakumpa. Alipapasa ndani ya koti, nyuma ya zile kalamu mbili, akatoa miwani, akaivaa. Akamtazama Katunge. Katunge akamwitikia kwa kichwa: haya, baba, twende.

"Ma-ta-nga-zo," mzee akaanza.