Spana Iliyohamia Jikoni

Baba alinipigia simu kuniagiza betri ya gari, na alivyoagiza ungedhani ni dawa. Niinunue Mikumi, ninakoishi, nihakikishe haijalazwa dukani, kisha niilete mwenyewe nyumbani Ruaha. "Ije imesimama," alirudia mara tatu. Basi Ijumaa mchana nikasafiri nimeipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki, mapaja yamekufa ganzi.

Haraka yake niliielewa. Mama alikuwa Kilosa kwa mama mdogo, wiki ya tatu hiyo, baada ya kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimruhusu kurudi Jumamosi. Kaka zangu walitaka baba apande basi, amchukue, warudi. Akawajibu kwamba mke wake hakwenda Kilosa kwa basi na hatarudi kwa basi. Alimpeleka kwa pikapu yake na atamrudisha kwa pikapu yake. Tatizo ni kwamba pikapu iligoma kuwaka kesho yake tu baada ya kumpeleka, na haikuwaka tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hukuilaza?"

Nyumbani kwetu betri si kitu cha kuchezea. Jirani aliibiwa ya kwake nikiwa bado shule ya msingi, na tangu mwaka huo baba hajawahi kuiacha ya kwetu nje hata siku moja. Kila jioni anaifungua, anaibeba hadi sebuleni, anaiweka juu ya kibao chake karibu na kochi. Mama anakuja nyuma yake kufunga boneti. Kila asubuhi baba anaitoa, anaifunga, anakwenda kunawa mikono na kunywa chai, na mama anabaki na kitambaa akipangusa vumbi. Sisi watoto tulikuwa wanne. Tulikuwa tunasema betri ndiyo kitinda mimba.

Nikamwomba spana. "Jikoni," akasema. Spana ya namba kumi ya nyumba ile ilikuwa inakaa jikoni, kwenye kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, na siku zote nilidhani ni ya mtungi wa gesi.

Betri ya zamani niliikuta imefungwa mahali pake, kwa sababu baba alikuwa ameijaribu tena asubuhi ile. Nikaanza kufungua waya wa hasi, kisha wa chanya, nikaitoa. Mpya nikaifunga kwa kuanza na chanya, nikamalizia na hasi. Baba alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kama alivyosimamia mizani ya miwa miaka yote kabla hajastaafu. Nikakaza hadi nati zikagoma. Nikaingia, nikazungusha ufunguo.

Ta. Basi. Taa za dashibodi zikazimika.

Nikatoa simu kutafuta maelezo. Nikahakikisha gia iko huru. Nikakagua fyuzi moja moja. Nikalala chini ya gari nikagonga stata polepole kwa kipande cha mti huku baba akizungusha ufunguo. Ta. Nikawasha taa kubwa, zikawaka vizuri kabisa. Ufunguo ukizungushwa tu, giza.

"Soma tena hapo kwenye simu yako," baba akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hiyo betri imelazwa."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nikamwambia kama hataki kuniamini akamwite fundi kutoka Ruhembe, nikaitupa spana mchangani. Baba akainama. Akaiokota, akaipangusa kwa shati lake, akaniwekea juu ya tairi, akaingia ndani kuswali alasiri. Nilipomfuata kutafuta maji ya kunywa nikaona kanzu yake ya Jumamosi imeshapigwa pasi, inaning'inia kwenye msumari wa mlango, na kofia juu yake. Niliona aibu ikanipanda hadi masikioni.

Hapo ndipo mama alipopiga simu kuuliza kama tumekula. Nikamweleza yote.

"Baba yako yuko karibu?"

"Anaswali."

"Sogea nje. Kile kibati mmekiweka?"

"Kibati gani?"

Akaniambia. Vichwa vya zile waya vimelegea kwa kufunguliwa kila jioni na kufungwa kila asubuhi, miaka yote hiyo. Hata ukaze vipi, cha hasi hakishiki. Fundi mmoja mpita njia alimwonyesha, baba akiwa kazini: kata kipande cha kopo, kichomeke kati, ndipo ukaze. Kila asubuhi baba akienda kunawa, yeye analegeza, anachomeka, anakaza. Kila jioni akifunga boneti anakichukua. Siku alipobaki Kilosa hakuwepo wa kukichukua.

"Kitakuwa kimeanguka chini ya betri. Na usimwambie, atajisikia vibaya."

Nilishakiona. Kipande cha bati upana wa ukucha, kwenye vumbi la kitako cha betri, nikadhani takataka. Nikakichomeka, nikakaza, gari likawaka papo hapo. Kwa udadisi nikarudisha betri ya zamani kwa mtindo uleule. Nayo ikawasha bila shida. Nikarudisha mpya haraka, kabla baba hajatoka.

"Umeona?" akasema, amefurahi. "Ilikuwa betri." Nikaitikia.

Asubuhi, baba alipofunga betri na kwenda kunawa, nikakichomeka kibati kimyakimya. Kilosa tulifika Jumamosi hiyo kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa barazani na miwani nyeusi, na baba, mtu asiye na maneno, alisimama mbele yake akiwa ameshika kofia mpaka mama mdogo akacheka. Tukala. Wakati wa kuondoka, mashemeji wote wametoka kutusindikiza, baba akazungusha ufunguo.

Ta.

Nilifungua mlango niwahi mbele, nikijua kibati kimehama njiani. Baba alikuwa ameshashuka. Akafungua boneti, akatoa spana mfukoni mwa kanzu, akamnyooshea mama mbele ya wote.

"Njoo ufanye ile kazi yako."

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Ile ya kila asubuhi."

"Kumbe unajua. Tangu lini?"

"Tangu spana yangu ilipohamia jikoni. Najua kuna kitu unafanya. Sijawahi kuangalia ni nini."

"Na kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza, ungenifundisha," baba akasema. "Halafu usingekuja tena."

Mama alivua miwani. Miaka ya mwisho kabla ya kutibiwa alikuwa anaifanya kazi ile kwa kupapasa tu, macho yake hayaoni kitu cha karibu. Sasa akainama, akakiokota kile kibati, akakitazama kwenye kiganja, akakigeuza.

"Kumbe kimeshika kutu hivi," akasema, akakichomeka, akakaza. "Haya, washa."

Wiki iliyofuata niliwapelekea vichwa vipya vya waya, imara, visivyohitaji kuchomekwa kitu. Viko kwenye droo ya kabati la sebuleni hadi leo. Baba hataki vifungwe.