Asnath na Ng'ombe wa Miguu Sita

Kwa miaka thelathini na mmoja Asnath Masele aligonga mhuri kwenye nyama walizokula watu wa Tabora. Alikuwa afisa mifugo, na kila alfajiri alisimama machinjioni na kisu chake, akapasua ini, akapasua mapafu, kisha akatoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa tatu tu: ipite, ikatwe sehemu, ifukiwe. Wachinjaji walimwogopa kuliko mchungaji wao.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, dume moja lilimvunja mguu kwa teke, akalala nyumbani kwake Ntalikwa miezi miwili. Mdogo wake, Nyamizi, akamletea riwaya ya kupitishia muda, habari za joka lililolinda mlima kwa miaka mia mbili. Asnath alifika ukurasa wa arobaini akaitupa sakafuni. Baadaye akamwita mumewe, Nestory, amwokotee, maana alitaka kuona kama atatokea mtu wa kulilisha lile joka. Hakutokea. Akaandika maoni yake kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ya akina mama: mnyama wa ukubwa ule anahitaji ng'ombe wawili kwa siku, na kwa miaka mia mbili wilaya nzima ingebaki haina hata mbuzi. Hukumu: ifukiwe.

Mwenyekiti wa kwaya alimkumbusha kwa upole kwamba kundi lile ni la ratiba ya mazoezi. Basi Asnath akafungua ukurasa wake Facebook. Ugonjwa ulikwisha kumwingia. Alisoma vitabu vya majini wanaoishi mwezini, vya wafalme wanaogeuka fisi, vya mashine zinazopenda binadamu, na kila kimoja alikikagua na kukihukumu. Katika miaka mitatu wasomaji wake walifika elfu nne, na baadhi wakawa wanamtumia vitabu kwa basi. Nestory hakusoma hata kimoja, ila alisimuliwa vyote wakati wa kula, na lile joka la kwanza aliendelea kulihurumia.

Ndipo kikaja kitabu cha Flavia. Flavia alikuwa mwalimu wa jiografia huko Kaliua, na alikuwa amejichapishia mwenyewe riwaya juu ya wapagazi wa Kinyamwezi wanaobeba mizigo, si kwenda pwani kama mababu zao, bali kwenda nyota ya mbali, wakiwa na mbegu za mtama na ng'ombe wa miguu sita. Asnath alikisoma kwa siku mbili bila kupumzika, hata alipokuwa akikamua asali. Wapagazi aliwasifu sana. Aliandika kwamba maumivu yale ya bega hayawezi kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kubeba kitu. Lakini ng'ombe alimkwaza. Mwandishi, alisema, anatueleza kwamba mnyama huyu amelala, kisha ameamka, bila kutueleza hata mara moja analalaje. Miguu ya katikati inakwenda wapi? Hukumu: ikatwe sehemu, kuanzia ukurasa wa mia moja na kumi na moja.

Maoni yale yalisambaa hadi Kaliua. Jumatatu Flavia alipogeuka kuandika ubaoni, sauti kutoka nyuma ya darasa iliuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, analalaje?" Hadi Ijumaa shule nzima ilikuwa ikimwita Mwalimu Miguu Sita. Jumamosi akapanda basi la asubuhi kwenda Tabora, na kutoka stendi akachukua bodaboda hadi Ntalikwa. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake, na yalikuwa makali.

Alimkuta mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, akipambana na mtamba aliyekataa kunywa dawa ya minyoo. Mkubwa ni mkubwa. Flavia hakuwa na budi kuanza na shikamoo. Asnath akaitikia marahaba na papo hapo akamkabidhi kamba, akidhani ni msomaji au mtu wa sensa, na vyovyote iwavyo ana mikono. Flavia akashika. Mtamba akamburuta kuzunguka zizi mara mbili, akampaka kinyesi hadi magotini. Dawa ilipokwisha kumezwa, maneno makali aliyoyapanga yalikuwa yamepungua mpaka kubaki sentensi moja.

"Mimi ndiye niliyeandika ng'ombe wa miguu sita."

Asnath alimtazama, kisha akamkaribisha kiti na maji ya kunawa. Flavia alinawa, ila hakukaa.

"Mama, ukurasa wa mia na kumi na mbili umeusoma?"

Asnath akajibu kwamba yeye haruki kurasa, hajapata kuruka tangu azaliwe. Akamtuma Nestory akalete kitabu. Wakakifungua wote watatu. Baada ya ukurasa wa mia na kumi na moja ulifuata wa mia na kumi na nne. Flavia alianza kumlaani mchapaji, lakini Nestory akaichukua ile karatasi, akaipapasa, akaiona nene kuliko nyingine, akainusa, kisha akailamba pembeni.

"Asali," akasema.

Waliitenganisha kwa mvuke wa birika na kisu cha mkate, polepole, Asnath mwenyewe akikishika kisu. Yote yalikuwamo. Ng'ombe yule alikunja kwanza miguu ya katikati kama mtu anayepiga magoti kanisani, kisha ya mbele, kisha ya nyuma, na ndama wake akajilaza katika nafasi iliyobaki. Asnath alisoma akiwa amesimama. Alirudia. Uso ulimwiva kwa aibu, maana katika miaka yote ile hakupata kufukia nyama bila kuipasua kwanza.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimehukumu bila kufungua tumbo."

Flavia, aliyekuja kugombana, alijikuta akimtetea, akidai kwamba hata yeye asali ingemshinda. Wakala ugali na mlenda. Kabla ya basi la jioni Asnath alikuwa ameandika masahihisho marefu, akaweka na picha ya ukurasa wenyewe ukiwa bado unang'aa. Hukumu: ipite. Watu thelathini waliulizia asali; wanne waliulizia kitabu. Shuleni jina halikumtoka Flavia, ila sasa wanafunzi walilitaja kwa majivuno kidogo.

Likizo ya Juni Flavia alirudi Ntalikwa na madaftari matatu ya riwaya yake ya pili, kabla hayajaenda kwa mchapaji. Asnath alikuwa akikamua maziwa, mikono haina nafasi, kwa hiyo Nestory ndiye aliyeyasoma kwa sauti, akisimama mlangoni mwa zizi. Alipofika sura ya tano, pale ambapo mpagazi mzee anakufa kwa kiu, alifunga daftari, akasema yeye haendelei. Mkewe alimwambia mzee yule anakufa kihalali kabisa, maji waliyobeba hayatoshi, hesabu ameifanya. Nestory akasema basi wampunguzie chumvi chakulani, asione kiu mapema. Walibishana hadi ndoo ikajaa, huku Flavia, ameketi juu ya gogo na kalamu mkononi, akiwa haandiki kitu.

Mwishowe mpagazi aliishi hadi sura ya kumi na mbili.