Mapezi Marefu ya Bluu

Mwalimu wangu wa kupiga mbizi, kule Mwanza, aliniambia ninunue mapezi ya kuvaa miguuni, mafupi na magumu, yale meusi ya mpira. "Nyie mtazamia kwenye tope," alisema. "Ukivaa mafupi unapiga miguu kama chura, polepole, maji yanakwenda nyuma yako. Ukipiga juu na chini na hayo marefu, utatimua tope lote." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikanunua marefu, ya bluu, kwa sababu yalipendeza. Hata saizi haikuwa yangu. Yalinibana visigino, nikajiambia yatalegea.

Mwezi huohuo mama yangu alipoteza bangili kwenye lambo la kijijini kwetu, upande wa Mwamapalala. Alikuwa akichota maji, mkono umekonda kwa maradhi, ikachomoka. Ilikuwa bangili ya shaba aliyovishwa na bibi yake siku alipopewa jina lake. Ilipaswa kwenda kwa binti yangu, ambaye naye ana jina hilohilo. Kwa mama, jina hilo bila bangili halijakamilika.

Nilifika na mtungi wa hewa wa kuazima, asubuhi, ng'ombe hawajaja kunywa na maji yametulia. Majirani walijaa ukingoni. Nilipoingia majini kinyumenyume na mapezi yangu walicheka, nami, mjinga mimi, nikaona raha.

Niliiona. Tochi iliimulika pale chini, nusu imezama kwenye tope, hatua mbili tu mbele yangu. Teke moja la chura lingenifikisha. Hata kujivuta kwa vidole kungetosha. Lakini nilitaka kuibuka haraka, bangili mkononi, watu wakinitazama. Nikapiga miguu juu na chini kwa nguvu zote. Maji yakawa uji. Nikapapasa mpaka hewa ikakaribia kuisha, na kila nilipogeuka mapezi yale yaliifukia zaidi.

"Umeiona, ng'wanone, mwanangu?" mama aliuliza nilipotoka.

"Haimo, mayu. Nimetafuta kote. Labda ilidondoka njiani."

Ningesema kweli, wangeniuliza kwa nini sikuishika. Nilikwepa aibu hiyo tu, aibu ya dakika mbili.

Kiangazi lambo likakauka, na mashine ikaletwa kuondoa tope. Mama alinipigia simu: awaombe wenye mashine wasubiri kidogo, wanawake wapekue kwanza? Nilijua hadi upande wa kupekua. Nikamwambia asijisumbue. Tope lilibebwa lote, likamwagwa kwenye mashamba ya pamba, likalimwa.

Krismasi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake. Baada ya chakula mama alimkalisha karibu, akamshika kifundo cha mkono.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Hapa palikuwa na kitu chako. Nilikuwa mzembe, nikakiangusha njiani, sijui hata ni wapi."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikunywa, wala sikukiweka chini. Kusema kweli kungechukua pumzi moja, na sikuivuta.

Binti yangu akanigeukia. "Baba, kwani wewe hukukitafuta?"

"Alikitafuta sana," mama akamjibu kabla yangu. "Usimlaumu baba yako. Alitoka majini visigino vyote vimechubuka."