Matairi ya Kunifikisha kwa Baba Njoki

Niliondoka Dubai kwa sababu mume wangu hajui kukataa. Hilo ndilo jibu fupi kwa ninyi nyote mnaoniuliza kutoka nyumbani nilikuwa natafuta nini milimani, peke yangu, mwezi wa Januari, katika kigari kinachotosha watu wawili na mfuko wa vitunguu. Mume wangu huyo, Baba Njoki, hutunza shamba la mbuzi na mitende ng'ambo ya Hatta, juu ya bonde la mawe ambalo Waarabu huliita wadi. Mimi ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja ya Dubai Marina. Tuko nchi moja, lakini tangu mvua za baridi zianze hatukuwa tumeonana hata mara moja. Kisha akaniambia kwamba arbab wake, yaani mwajiri, angepanda shambani Jumamosi kuchukua jibu: anaongeza mkataba kwa miaka miwili mingine, au haongezi?

Sisi wawili tulikuwa tumekubaliana zamani. Mikataba yetu ikiisha mwezi wa nne, tunarudi nyumbani Kinangop pamoja, kwa mtoto wetu Njoki anayelelewa na mama yangu, na ambaye siku hizi akiniona kwenye simu huniita anti. Lakini namjua mume wangu. Mtu akimwomba jambo kwa upole, yeye husema sawa kabla hajasikia ni jambo gani. Na mtandao wa huko juu huja na kuondoka, kila nikianza kumkumbusha ahadi yetu simu inakatika. Nikaapa kwamba kabla ya Jumamosi nitakuwa nimesimama mbele yake.

Kikwazo kilikuwa matairi. Yale niliyonunua pamoja na gari yalikuwa yamekwisha na kubaki vipara, ya kwendea kazini na kurudi. Msidanganyike kwamba Dubai hakuna baridi. Theluji haipo, ni kweli, lakini ndio msimu wa mvua, na lami iliyokaa miezi ikinywa vumbi na mafuta hugeuka utelezi mtupu. Milimani ndiko kubaya zaidi, kwa sababu maji ya wadi hushuka na mawe na kuyaacha katikati ya njia. Gari langu ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne, jambo ninalojivunia sana, ila magurudumu manne yenye vipara huteleza yote manne.

Al Qusais ndiko safari ilikoanzia hasa, katika duka la Bwana Salim, Mzanzibari aliyezaliwa hukuhuku Ghuba na ambaye bado anaongea kama aliyetoka Unguja jana. Nilimwambia nataka matairi ya baridi. Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Bibie, matairi ya baridi ni ya theluji. Mpira wake laini mno. Lami ya hapa itaula upesi, hata Januari hii."

"Basi nipe ya matope."

"Matope gani huko Hatta? Huko kuna mawe, changarawe na maji."

"Bwana Salim, mimi nimejifunza kuendesha gari Kinangop. Mvua usinifundishe."

Mtu wa kwetu atanielewa. Sisi tukisikia mvua tunawaza kitu kimoja tu, ule udongo mweusi unaomeza gumboti na kukurudishia mguu mtupu. Nimeendesha pikapu ya baba iliyojaa viazi katika udongo huo, na gari lililoheshimiwa kijijini lilikuwa lile lenye matairi ya meno makubwa. Kwa hiyo nilinyoosha kidole kwenye matairi yenye meno kama majembe na sikutaka kusikia lingine.

Bwana Salim hakubishana. Alisema, "Haya, nitakufungia. Zunguka nayo hapo uwanja wa nyuma kwanza. Ukiyapenda, nenda nayo." Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga laini. Niliingia kwa mbwembwe, nikakanyaga mafuta, na yale meno yakafanya kazi yanayoijua: yakachimba. Katika matope ya kwetu kuchimba ni msaada, kwa maana chini kuna ardhi ngumu na tairi likiifikia linashika. Kwenye mchanga chini kuna mchanga zaidi. Gari lilizama palepale hadi tumbo likalala, na nilipofungua mlango nilijikuta karibu sawa na ardhi. Vijana wa gereji walinivuta kwa kamba huku wakijitahidi kutocheka, na nilikasirika kwa sababu walishindwa.

"Sasa tuzungumze," Bwana Salim akasema.

Alinieleza kwamba hata kwenye lami yenye maji meno yale makubwa hushika kidogo tu, maana mpira unaogusa barabara ni haba. Akaniletea matairi ya njia zote, yenye meno ya kadiri, na akanigongea ubavu wake nisikie ulivyo mnene, kwani mawe ya wadi hupasua tairi ubavuni zaidi ya chini. Tulisoma pia tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa chapa hapo ubavuni, kwa sababu joto la nchi hii huzeesha mpira hata ukiwa haujaguswa rafuni. Hayo yote nilimkubalia. Lakini alipotaka kunifungia mapana, eti yapendeze, nilikataa, na hapo sikuwa nimekosea. Kigari chepesi kikivaa matairi mapana huelea juu ya changarawe na maji. Membamba hukandamiza yakafika chini. Hilo ndilo jambo moja la Kinangop lililovuka bahari likiwa zima.

"Umenipata hapo," akasema, akaenda kuleta membamba.

Ijumaa asubuhi nilitoka Jumeirah Village Circle ninakopanga, nikiwa na unga wa ugali, sukuma wiki na jaketi zito. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mwanzoni mwa wiki na wadi zikafurika. Wakati huo hairuhusiwi kuzikaribia na mwenye akili haambiwi. Nilingoja hadi Baba Njoki alipopata mtandao akaniandikia kwamba maji yameshuka. Barabara kuu ilikuwa na manyunyu, na katika kila bonde dogo la lami palikuwa na dimbwi. Niliona magari mazuri kuliko langu yamegeukia ukingoni yakitazama yalikotoka. Langu lilipita madimbwi likiwa limenyooka, kwa mwendo wa mtu anayetaka kufika. Nyuma yangu watu waliwasha taa wakitaka niwapishe, nikawapisha bila kuongeza mwendo.

Hatta nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikanywa chai ya maziwa yenye iliki na kukagua upepo wa tairi la spea. Mhudumu alikuwa Mganda. Aliniangalia, akaliangalia gari.

"Mama, unaenda kwa wadi na haka kagari?"

"Naenda kwa mume wangu. Wadi iko njiani tu."

"Basi Mungu akutangulie," alisema, na kwa jinsi alivyosema nilijua hakuwa anatania.

Mwisho wa lami niliinama nikapunguza upepo katika matairi yote manne. Kule nyumbani mtu akikuona ukifanya hivyo atadhani umerukwa na akili. Lakini tairi lililojaa sana huligonga jiwe na kupasuka, na lililopunguzwa hulegea likalikumbatia, mradi uende polepole. Kisha nikaweka gia ya kupandia na kuanza kupanda.

Kwenye kivuko cha kwanza nilivua viatu nikaingia majini na fimbo kupima kina. Maji yalikuwa baridi hadi meno yakagongana. Yalifika katikati ya muundi, na chini palikuwa na changarawe ngumu. Nilirudi garini, nikavuka bila kusimama na bila kubadili gia. Mbele yake njia ilikuwa mbaya kweli, mawe makubwa kama sufuria, na mara mbili nilihisi tairi likiteleza pembeni kisha likashika tena. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naongea na gari kwa Kikuyu.

Karibu na shamba ndiko nilikoogopa zaidi, kwa kuwa Baba Njoki alishaniambia kwamba hapo bonde hubana na mawe yote hukusanyika. Ajabu ni kwamba hapo ndipo njia ilipokuwa laini. Nilipita kana kwamba niko Al Qusais. Nikayasifu matairi yangu kwa sauti, nikajisifu na mimi niliyeyachagua.

Baba Njoki alinipokea langoni. Tulikumbatiana muda mrefu, mbuzi wakitutazama. Kisha akazunguka gari, akabonyeza kila tairi kwa kiatu.

"Hizi tairi ni poa. Na pale kwa bonde ulipita aje?"

"Kama lami! Tairi hizi haziogopi kitu."

Alitabasamu tu, akachukua mifuko. Nyuma yake, ukutani, niliona toroli na mtaimbo, vyote vikiwa na vumbi jipya la mawe. Nikamshika mikono. Viganja vilikuwa vimepasuka vibaya.

"Ni nini hii?"

"Mvua ikinyesha, mawe yanaanguka. Natoa."

"Arbab ndiye amekutuma?"

"Arbab ana gari kubwa, Mama Njoki. Yeye hupita juu yake. Mimi natoa kwa sababu ya hii yako."

Msimu mzima wa mvua sikuwa nimefika hata mara moja. Na kila mvua ilipokatika alikuwa ametoka na toroli kusafisha njia, huenda ningekuja. Nilikuwa nimekuja na hotuba ndefu, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa kwamba yeye hajali. Ilibidi niiache. Nililia kidogo, nikamwambia ni moshi wa jiko, ingawa jiko lilikuwa bado halijawashwa.

Jioni tulikula ugali na nyama ya mbuzi, ndipo nikamwuliza waziwazi atamjibu nini arbab.

"Aki, huyu mzee amenitendea mema. Nitaanzia wapi kumwambia?"

"Njoki ananiita anti, Baba Njoki. Wewe hata sijui atakuita nani."

Akamega ugali. "Nitaona," akasema, na zaidi ya hapo sikupata neno. Nilifikiria kukaa nimkatalie mimi mwenyewe, na midomo yangu ingeweza kabisa. Lakini niliona kwamba nikimsemea, atakuwa ametoka kumtii arbab akaja kunitii mimi tu, na huko nyumbani nataka mume. Nikaamua kwamba nitanyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko kuendesha gari kwenye mawe.

Jumamosi asubuhi ilinibidi kuondoka mapema, maana zamu yangu ilianza alasiri. Arbab alikuwa bado hajafika. Baba Njoki alitembea mbele ya gari kunionyesha njia hadi pale bonde linapobana, na hapo, katikati kabisa, tukakutana uso kwa uso na gari kubwa jeupe. Nafasi ilikuwa ya gari moja. Arbab alishuka, mtu mzima, jaketi juu ya kanzu yake nyeupe, akatusalimia vizuri, na mimi akaniita madam. Wao huongea Kiingereza cha kazini kilichochanganywa na Kiarabu. Nawawekea kwa lugha yetu.

"Kariuki! Miaka miwili tena, inshallah?"

Mume wangu alitazama chini. Nilikuwa nimeshusha kioo na ulimi nimeuuma. Alitazama chini muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu ile miaka miwili na umri ambao Njoki angekuwa nao.

"Hapana, sir," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu zaidi. "Hapana. Mwezi wa nne, khalas, basi. Naenda nyumbani."

Arbab hakukasirika. Aliangalia kando ya njia, mawe yalivyopangwa huku na huku, na nikaelewa kwamba muda wote alikuwa akijua.

"Na njia hii? Nani atatoa mawe?"

"Yaache tu, sir. Mwenye gari dogo hatapita tena."

Arbab alinitazama mimi, akakitazama kigari changu, akacheka polepole. Kisha akapanda gari lake kubwa, akaweka gia ya nyuma, akarudi kinyumenyume bonde zima ili mimi nipite.

Nilipofika kwenye lami nilijaza tena upepo kwa pampu ndogo, nikiimba. Nimejifunza kwamba tairi huchaguliwa kwa njia unayoiendea, na kwamba matope ya nyumbani, hata uyapende vipi, hayasafiri. Kwa mwenye kigari kama changu nasema chukua ya njia zote, membamba, ubavu mnene, na upunguze upepo kabla ya mawe. Lakini ukienda baridi ijayo hadi pale bonde linapobana, usije ukanilaumu. Matairi yangu hayakuwahi kupita juu ya mawe yale, na mtu aliyekuwa akiyatoa atakuwa Kinangop, akimfundisha mtoto wake kumwita baba.