Pacha Mkubwa Apimwa Masikio

Mtaani walimwita Mama Pacha, na wateja walishazoea kumgusa bega kabla ya kusema naye. Alikuwa fundi wa nguo za kike mwenye mkono mwepesi, na enzi zile bado anasikia, mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

Sikio la kushoto lilianza kuvuma, kama cherehani iliyoachwa ikizunguka chumba cha pili. Akaambiwa ni nta, akapewa dawa ya matone. Likafa. La kulia likafuata, naye akawa anayumba njiani hadi majirani wakadhani kaanza kunywa. Hapo ndipo alipopelekwa kwenye MRI, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Ikaonekana ana uvimbe pande zote mbili, kwenye mishipa ya fahamu inayotoka sikio la ndani kwenda kwenye ubongo. Haikuwa saratani. Upasuaji ulimwokoa maisha, kusikia hakukurudi.

Lakini kilichomkata maini ni maneno ya daktari siku ya kuagana. Alimtazama usoni na kusema polepole ili amsome midomo: ugonjwa huu hurithiwa, wanao nao wapimwe, hata kama hawajisikii vibaya.

Mabinti zake mapacha hawakufanana hata kidogo. Mdogo, mwalimu wa chekechea, alikuwa mtu wa wasiwasi. Mkubwa alikuwa msusi, na maneno yake yaliwaweka wateja saluni kutwa.

"Mimi mzima, mama. Mbu akipiga chafya nasikia."

Hata hivyo alikwenda. Akavua hereni, akavalishwa vizuia kelele, akaingizwa kwenye tundu la ile mashine. Mama Pacha alikaa nje na yule mdogo, ambaye alishatangulia kupimwa. Mashine ilipoanza kugonga, hakusikia kitu. Alihisi benchi likitetemeka chini ya mapaja yake, akaling'ang'ania.

Majibu yalipotoka, daktari alianza na mdogo: safi. Kisha akawasha picha za mkubwa na kuonyesha vidoa viwili vyeupe, kimoja kila upande.

"Ni vidogo sana. Tumeviwahi. Tutakuwa tunavipima kila mwaka, na vikikua tutajua la kufanya mapema."

"Nitabaki nasikia?" aliuliza msusi.

"Siwezi kukuahidi hilo."

Aliyeangua kilio ni mdogo, kana kwamba kule kupona kwake ni wizi. Mkubwa akamkumbatia, akambembeleza yeye.

Siku chache baadaye mkubwa alikuja kwa mama yake, akavuta kigoda mbele ya cherehani.

"Nifundishe kusoma midomo. Sasa hivi, nikiwa bado nasikia nikikosea."

Mama Pacha alitaka kukataa. Akaona vipande viwili vya pamba kiganjani mwa mwanawe, akaweka mkasi chini. Binti akaziba masikio, akamkazia macho. Mama alitafuta neno jepesi la kuanzia, lakini lililomtoka, bila sauti, lilikuwa lile lililomkaa kooni tangu siku ya majibu: nisamehe.

Binti akakunja uso. "Nisomee?"

Mama Pacha akatikisa kichwa kukubali. Binti akachukua gazeti la kufungia vitambaa, akaanza kumsomea, taratibu, akiupanua mdomo kwa kila neno.