Maua ya Kaburi la Mama

Kwa miaka mitatu mfululizo nilinunua miche ya waridi Mtendeni, na kila kiangazi ikanifia. Maji yenyewe ya bomba ni ya kuvizia, nayakinga kwenye pipa moja tu. Nimwagilie maua au nifue? Nikamgombeza muuza miche kana kwamba yeye ndiye aliyezuia mvua.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, nilikwenda Tura kusafisha kaburi la mama. Mvua ilikuwa haijanyesha na nyasi zote zilikuwa zimekauka. Lakini maua ya zambarau tuliyompandia yalikuwa yamechanua kaburi zima, na hakuna mtu aliyekuwa akiyamwagilia. Nikachuma mbegu, nikazifunga kwenye pindo la khanga.

Yalipochanua mlangoni kwangu, jirani alishika kichwa. "Dada, maua ya makaburini nyumbani? Unaita msiba!"

Nikamjibu kwa hasira kwamba msiba ulishakuja wenyewe, bila kuitwa.

Mama alikuwa akitugombeza tukimwaga hata maji ya kunawia. Kiangazi hiki, kila asubuhi nikifungua mlango, nayasalimia maua yake: shikamoo mama, ahsante, pipa bado limejaa.